Nishani ni Ushahidi: Praiveti Chancy Chitete na Deni la Waliobaki Hai

  

Mmeniomba nizungumze juu ya ushujaa wa askari vitani na heshima anayopewa kwa nishani. Naomba niingie kwenye tukio moja kwa moja, kwa sababu ushujaa ukizungumzwa bila mtu na bila mahali hubaki kuwa maneno ya gwarideni.

Mahali ni Kididiwe, katika misitu ya Beni, Kivu ya Kaskazini. Wakati ni katikati ya Novemba 2018. Watu wa Beni, ambao Kiswahili ni lugha yao ya sokoni na ya barabarani kama ilivyo kwetu, walikuwa na misiba miwili kwa pamoja. Tangu Oktoba 2014 wapiganaji wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda lililojichimbia katika misitu ile, walikuwa wakivamia vijiji na kuua raia kwa mapanga na kwa risasi. Kisha, tarehe 1 Agosti 2018, serikali ya Kongo ikatangaza mlipuko wa Ebola katika mkoa huohuo. Mgonjwa wa Ebola anahitaji kufikiwa haraka, na waliomgusa wanahitaji kutafutwa nyumba kwa nyumba. Pale ambapo mhudumu wa afya anaogopa kutoka nje ya mji kwa hofu ya kuviziwa, ugonjwa hupata nafasi ya kutembea. Mlipuko ule ulidumu hadi Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200.

Hiyo ndiyo sababu askari wa Umoja wa Mataifa, pamoja na jeshi la Kongo, FARDC, waliingia msituni kuishambulia ngome ya ADF. Waliotangulia mbele walitoka katika ile Brigedi ya Kujibu Mashambulizi, iliyoundwa na Baraza la Usalama kwa Azimio namba 2098 la Machi 2013 na kujengwa na vikosi vya nchi tatu: Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Mapigano yakawa makali. Askari wa Tanzania wakabanwa na moto wa adui ikabidi warudi nyuma, na wenzao wa Malawi wakawa wanawakinga kwa risasi ili wapate njia ya kutoka.

Katika kurudi huko, koplo mmoja wa Tanzania alijeruhiwa vibaya. Hakuweza kutembea wala kujiburuta, na alikuwa amelala mahali pa wazi, penye kuonwa na adui. Praiveti Chancy Chitete wa Jeshi la Ulinzi la Malawi alimwona. Akamwendea, akamkokota hadi mahali penye kinga kidogo, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo akapigwa risasi. Koplo wa Tanzania alipona. Chitete alifariki.

Taarifa ya kwanza ya Umoja wa Mataifa juu ya mapigano yale ilitaja walinda amani saba waliouawa, sita wa Malawi na mmoja wa Tanzania. Miezi sita baadaye, tarehe 24 Mei 2019, jijini New York, Katibu Mkuu António Guterres aliikabidhi familia ya Chitete Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ujasiri wa Kipekee, ambayo ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa ambayo Umoja wa Mataifa humpa mlinda amani.

Ndugu zangu, nataka tulitazame tukio hili kwa makini, kwa sababu lina mambo mawili yasiyokutana mara nyingi. La kwanza, askari huyu alitunukiwa kwa uhai aliouokoa. Katika maelezo yote ya tuzo yake huoni hesabu ya maadui aliowaua. La pili, Chitete mwenyewe hakubaki hai kusimulia. Walioona ndio waliosema, wakubwa wao wakaandika, maandishi yakapanda kutoka msituni hadi makao makuu, na dunia ikasikia jina lake kabla mwaka haujaisha. Ninachotaka kuwaambia leo kimo katika jambo hili la pili: nishani ni ushahidi. Askari hutoa tendo, lakini nishani hutolewa na walioona. Walioona wakinyamaza, au anayeandika akaamua kwamba jina fulani halina haja ya kuandikwa, ushujaa unafukiwa pamoja na mwenyewe, na sisi wa baadaye tunarithi ukimya.

Kwamba sisi Waafrika Mashariki tumerithi ukimya mwingi, nitaonyesha kwa mfano mmoja.

Tarehe 19 Mei 1941, kusini mwa Ethiopia, mahali paitwapo Colito karibu na Mto Billate, kombania mbili za KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, zilivuka mto zikashika sehemu ndogo ya ng'ambo bila kuwa na silaha nzito. Waitaliano wakarudisha mashambulizi kwa vifaru. Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya na binamu wa Louis Leakey, yule mtafiti wa Oldupai, alikuwa katika Kikosi cha 1/6, na Kikosi cha 6 kilikuwa kikosi cha Tanganyika. Leakey alirukia kifaru kilichokuwa kikija nyuma ya askari wenzake, akaung'oa mfuniko, akawapiga kwa bastola waliokuwa ndani isipokuwa dereva, akamlazimisha dereva akipeleke kifaru mafichoni. Alipoona mzinga wake haufanyi kazi, akashuka, akavuka kwa miguu uwanja uliokuwa ukifagiliwa kwa risasi na makombora, akavinyemelea vifaru vingine. Vifaru viwili vikapita; akarukia cha tatu, akafungua mfuniko, akamuua mmoja, na kifaru cha nne kikamfyatulia bombomu kikamwangusha. Mwaka 1945 alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya Uingereza kwa ushujaa mbele ya adui. Aliistahili, wala sitasema neno la kumpunguzia heshima yake.

Lakini maelezo rasmi ya nishani ile yanasema kwamba Leakey hakwenda peke yake kuvinyemelea vile vifaru. Alifuatana na sajini meja mmoja Mwafrika na askari mwingine. Hao wawili walivuka uwanja uleule, chini ya risasi zilezile, kuvikabili vifaru vilevile. Majina yao hayamo katika maelezo hayo. Aliyeandika alijua cheo cha mmoja, akajua kwamba ni Mwafrika, akaona hayo yametosha.

Hebu tufikiri hasara yake. Sajini meja katika kombania ya KAR hakuwa mtu wa kupotea machoni. Ndiye aliyewapanga askari, ndiye aliyejua nani ana homa na nani hajapata barua ya nyumbani. Kombania nzima ilimjua kwa jina, na huenda kijijini kwao walimjua kwa jina la babu yake. Kama jina lile lingeingia katika mstari mmoja wa karatasi ile, pengine leo kungekuwa na shule ya msingi inayoitwa kwa jina lake, na watoto wangekuwa wanauliza alikuwa nani. Askari Waafrika wa KAR walipata nishani nyingine katika vita ile, na kuna familia ambazo bado zinazitunza. Hata hivyo hakuna askari Mwafrika wa KAR aliyepata Msalaba wa Victoria, wakati walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Siamini kwamba ushujaa uligawanywa kwa rangi katika uwanja wa vita. Kilichogawanywa kwa rangi ni kalamu.

Mtu akisimama Dar es Salaam pale penye Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, ataona jambo hilohilo limesimamishwa kwa shaba. Sanamu ni ya heshima, tena ni nzuri. Lakini askari yule ni askari yeyote, na wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria wakibeba mizigo ya vita isiyo yao, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la mtaa wa Kariakoo, waliingia katika historia kama kundi. Kundi huheshimiwa kwa ujumla wake. Mtu mmoja, mwenye mama na mwenye uamuzi wake wa sekunde ile, anahitaji jina.

Sasa tuutazame Umoja wa Mataifa wenyewe, kwa sababu nao ulichelewa, na nishani aliyopewa Chitete ilizaliwa kutokana na kuchelewa huko.

Kapteni Mbaye Diagne alikuwa ofisa wa Jeshi la Senegal, mwangalizi wa kijeshi asiye na silaha katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR, nchini Rwanda. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza na Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana akauawa, Diagne aliwakuta watoto wa waziri mkuu huyo wamejificha, akawachukua akawaficha katika hoteli ya Mille Collines hadi wakapata njia ya kutoka nchini. Akaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Aliwapakia watu wachache wachache katika gari la Umoja wa Mataifa, akawavusha katika vizuizi vya wanamgambo wa Interahamwe, kizuizi baada ya kizuizi. Amri ya kikosi haikumtaka afanye hivyo. Mkuu wake, Jenerali Roméo Dallaire, alijua naye hakumzuia. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kukipunguza kikosi kile hadi watu wapatao 270, na Diagne akawa miongoni mwa waliobaki.

Silaha yake ilikuwa ulimi na uso wa bashasha. Aliwajua wenye vizuizi, akawagawia sigara, akawatania. Siku moja alikuwa na mwandishi wa BBC, Mark Doyle, ambaye ni mzungu. Mpiganaji mmoja mwenye bomu la mkono akaja juu akitaka kujua Mbelgiji huyu ni nani, wakati Wabelgiji walikuwa wakitafutwa kuuawa. Diagne akacheka akasema Mbelgiji ni yeye, mtu mweusi kutoka Senegal. Yule mpiganaji naye akacheka, na kifo kikapita. Waliookolewa na Diagne wanakadiriwa kuwa mamia. Tarehe 31 Mei 1994, akiwa garini kwenye kizuizi jijini Kigali, kombora liliangukia karibu, na kipande chake kikamuua. Alikuwa na mke na watoto wawili.

Rwanda ilimtunuku mwaka 2010. Umoja wa Mataifa ulimkumbuka rasmi mwaka 2014, miaka 20 baada ya kifo chake, Baraza la Usalama lilipopitisha Azimio namba 2154 la kuanzisha nishani yenye jina lake. Azimio hilo lenyewe linakiri kwa masikitiko kwamba familia yake haikuwa imepata neno la shukrani kutoka makao makuu. Mwaka 2016 familia hiyo ikakabidhiwa nishani ya kwanza. Ya pili ndiyo ya Chitete. Baadaye, mwaka 2022, ikapewa familia ya Kapteni Abdelrazakh Hamit Bahar wa Chad, aliyeuawa Aguelhok, Mali, Aprili 2021.

Naomba mtofautishe nishani hizi, maana watu huzichanganya. Mlinda amani akitimiza muda wake katika operesheni hupata nishani ya utumishi. Akifa akiwa kazini, awe amekufa kwa risasi, kwa ajali au kwa maradhi, familia yake hupewa Nishani ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa jina la Katibu Mkuu aliyekufa karibu na Ndola mwaka 1961. Walinda amani zaidi ya 4,000 wamekufa tangu mwaka 1948, na kila kifo kina uzito wake. Nishani ya Diagne ni ya jambo jingine: mtu aliyeona hatari iliyokuwa ikimsubiri, ambaye hakuna mtu angemlaumu kama angebaki alipo, na bado akaenda. Ndiyo maana inatolewa kwa nadra, na ndiyo maana haiwezekani bila mashahidi. Cheti cha kifo huthibitisha kwamba mtu amekufa. Uamuzi wake wa kwenda unahitaji mtu aliyekuwa pale akaona.

Nafahamu kuna wenye shaka, na shaka zao ni za haki. Wapo wanaosema kwamba nishani hutukuza vita, huwavuta vijana kwenye kifo, na hulipa damu kwa kipande cha chuma. Wazee wetu walilisema hili zamani kwa methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii ni kweli na inauma. Kilio kilikwenda Malawi. Kilikwenda Dakar. Hakuna utepe wa rangi yoyote unaolipa ada ya mtoto au kujaza kiti kitupu mezani.

Jibu langu ni kwamba ubaya au wema wa nishani unategemea tendo linaloheshimiwa. Jamii inayowapa wauaji nishani hufundisha kuua. Jamii inayosema, mbele ya majenerali wake wote, kwamba tendo kubwa kuliko yote katika mapigano yale lilikuwa la praiveti aliyepiga magoti kumfunga mwenzake jeraha, inafundisha askari wake kitu kingine kabisa. Inawaambia kwamba aliyeanguka haachwi. Kwa askari, imani hiyo ina nguvu kuliko hotuba yoyote. Mtu hukubali kutangulia msituni akijua kwamba akianguka yupo atakayemrudia. Chitete na yule koplo hawakutoka nchi moja, hawakuapa mbele ya bendera moja, na lugha za nyumbani kwao ni tofauti. Bado imani ile ilishika kati yao. Kama umoja wa Afrika umewahi kuwa na maana isiyohitaji ufafanuzi, ulikuwa na maana hiyo Kididiwe.

Shaka ya pili ni nzito zaidi. Sifa za shujaa zinaweza kutumika kufunika makosa ya waliompeleka. Hili nalo tulikabili. Mwaka mmoja kabla ya Kididiwe, tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya askari wa Tanzania huko Semuliki, Beni hiyohiyo, ilishambuliwa kwa saa nyingi. Watanzania 15 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulikuta kasoro katika amri na uongozi, ukakuta hakukuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka msaada na kuwatoa waliozingirwa, na ukakuta upungufu wa vitu kama ndege na taarifa za kiintelijensia. Askari wale walisimama imara; mfumo uliopaswa kuwa nyuma yao haukusimama hivyo.

Kwa hiyo nasema heshima na uwajibikaji viende pamoja. Kila nishani inayotolewa baada ya kifo inapaswa kuambatana na swali kwa wakubwa: kwa nini ilifika hatua ya praiveti mmoja kuwa ndiye msaada pekee uliokuwa karibu? Kuuliza hivyo hakumvunjii shujaa heshima. Kunamheshimu kuliko wimbo, kwa sababu kunamlinda askari atakayekwenda kesho. Ushahidi kamili husema aliyotenda askari, na husema pia aliyoyakosa.

Sasa niseme tunachoweza kufanya sisi tuliomo humu ukumbini, maana mhadhara usioacha kazi mikononi mwa watu ni mazungumzo ya kupitisha jioni.

Kazi ya kwanza ni ya walimu. Mtoto wa Tanzania anafundishwa habari za mashujaa wa zamani, na ni vema. Lakini ni wangapi wanamjua praiveti wa Malawi aliyekufa akimwokoa Mtanzania? Tunayo Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, na Wakenya wanayo yao tarehe 20 Oktoba. Siku hizo zina nafasi ya kutosha kwa jina la Chitete. Taifa lililookolewa mtu wake lina wajibu wa kumtaja mwokozi kwa lugha yake lenyewe, katika madarasa yake, bila kungoja New York ikumbushe.

Kazi ya pili ni ya majeshi yetu na ya wastaafu waliokaa mbele yangu. Wazee wangu, andikeni. Ninyi mliopigana Kagera, mliokwenda Msumbiji, mliokwenda Darfur, Lebanon na Kongo, mmeona matendo ambayo hayajaandikwa popote. Aliyoyatenda mwenzako aliyekufa, wewe ndiye hati yake. Andika jina lake kamili, kikosi, mahali, tarehe, alichofanya, na nani mwingine aliona. Usipambe. Ushujaa hauhitaji chumvi. Chumvi huufanya utiliwe shaka.

Kazi ya tatu ni ya familia. Katika nyumba nyingi za pwani na bara kuna sanduku la babu aliyekuwa KAR, lenye kitabu cha malipo, barua, picha, labda medali iliyopata kutu. Vitu hivyo visitupwe wakati wa kuhama, wala medali isiuzwe kwa mpita njia kwa bei ya chuma chakavu. Vipigeni picha, nakilini maandishi, waulizeni bibi waliobaki, kisha vipelekeni kwenye makumbusho au nyaraka za taifa. Miongoni mwa masanduku hayo huenda limo jina la sajini meja wa Colito. Sitachoka kulitumaini hilo.

Na kazi ya nne ni ya wenye mamlaka: mjane na yatima wa aliyetunukiwa wasikutane na nishani siku ya sherehe na kukutana na milango iliyofungwa siku ya kudai mafao. Heshima inayoishia jukwaani ni nusu ya heshima.

Mabibi na mabwana, aliyetaja jina la Chitete alikuwa askari mwenzake, mtu aliyekuwa amechoka, pengine mwenye hofu na majonzi, ambaye baada ya mapigano alikubali kukaa chini aeleze aliyoyaona. Kwa maelezo hayo, kijana wa Malawi amepata mahali pake katika historia ambapo yule sajini meja alikosa. Kila mmoja wetu anaweza kutenda hivyo kwa mtu mmoja. Tuanze na yule tunayemjua.